Chinchila Aliyeshikilia Ndoa ya Bi Mashavu

"Mnyama huyu akifa kabla sijarudi, Mashavu, jua nshakuacha."

Maneno hayo aliambiwa mwanamke mmoja wa Malindi, Unguja mjini, mwaka 1954. Mchana kweupe. Mume keshaning'iniza mfuko wa safari begani, mguu mmoja ndani, mmoja barazani.

Mnyama mwenyewe si ng'ombe. Si farasi wala ngamia.

Ni kitu cha rangi ya majivu, ukubwa wake kama boga dogo. Masikio ya panya, mkia wa komba, na manyoya ambayo ukiyagusa kidole kinapotelea ndani.

Chinchila.

Sasa niambieni nyie, nani alikuwa na chinchila Unguja mwaka hamsini na nne?

Bi Mashavu ni dada wa bibi yangu. Haya kanihadithia kwa kinywa chake, nami nawapa kama nilivyopewa. Wa kubisha abishe, lakini amalize kusoma kwanza.

Mume wake akiitwa Machano. Mtumbatu, baharia wa meli za moshi. Si nahodha, msije mkampandisha cheo. Kazi yake ilikuwa chini kabisa, kwenye mitambo, anakotoka mtu mweusi kwa masizi mpaka meno.

Akisafiri miezi, akirudi wiki mbili, anaondoka tena.

Mashavu alikuwa msichana wa Fumba aliyeletwa mjini na ndoa. Akiishi na mavyaa wake, mama wa Machano, Bi Mwanamwema. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanamwema, kaachiwa na marehemu mumewe. Kuta zake nene, za mawe na chokaa, ukizigonga unaumia wewe.

Wengi humu mnadhani mavyaa na mke wa mwana ni paka na panya.

Hawa walikuwa sahani moja. Bi Mwanamwema alimpenda Mashavu hata siku ya harusi akamwita mwanawe pembeni, akamwambia, "Huyu nimekutafutia mwenyewe. Ukimwacha bila ya kosa lake, radhi yangu usiitafute."

Machano akasema, "Naam, mama."

Basi safari iliyotangulia, Machano alipokuwa anaondoka, Mashavu alimwagiza cherehani. Aliporudi, hamali akatua sanduku mlangoni. Mashavu akaona lina matundu matundu pembeni.

Akafurahi. Akadhani ndio mtindo mpya unaotoka, cherehani isafiri ikipata hewa.

Sanduku likapiga chafya.

"Machano," akasema Mashavu, "cherehani hii ina mafua?"

Machano akacheka, akafungua. Akaeleza kuwa kulikuwa na Mzungu mmoja melini, anakwenda bara kwenye nchi za baridi kufuga wanyama hao kwa ajili ya manyoya yao. Njiani joto likamwulia wote, kabaki huyu mmoja. Mzungu akakata tamaa, akampa Machano bure.

"Watu wa Ulaya wanauana kwa manyoya haya," akasema. "Wewe nakuletea na roho yake ndani, unanuna!"

"Anaitwaje?"

"Chinchila."

Bi Mwanamwema, sikio lake moja lilikuwa halishiki vizuri, akadakia, "Chinichini? Jina zuri. Mtulivu, masikini."

Basi jina likawa hilo. Chinichini.

Wiki mbili zikapita, mnyama akila punje za mfuko aliokuja nao kwa Mzungu. Machano akawa anamtazama yule mnyama kila asubuhi, kama mtu anayengoja wali uive. Siku ya kuondoka ndipo akalitoa lile neno la kumuacha mkewe. Tena akalitoa kwa sauti, jirani yao Bi Mwatum yuko dirishani.

Mashavu akaukamata ule mfuko wa safari.

"Machano, utani huo?"

"Sitanii. Nimekupa amana. Mwanamke asiyeweza kutunza amana ya mumewe ataweza nini?"

Akaenda zake.

Bi Mwanamwema akatoka jikoni, mwiko mkononi. "Kasema nini yule?"

Mashavu akamwambia.

"Bahari imemharibu kichwa," akasema mama mtu. "Haya, punje za Mzungu zimekwisha, huyu anakula nini? Tumlishe, asitutie balaa."

Wakampa wali kwa mchuzi wa papa. Akaugeuzia mgongo.

Wakampa muhogo wa nazi. Akaukanyaga.

"Mnyama gani anakataa papa?" Bi Mwanamwema akang'aka, kwa uchungu hasa, kwa sababu mchuzi kaupika yeye.

Mwisho Chinichini akatoka sandukuni mwenyewe, akaanza kula mkeka.

Hapo Mashavu akapata akili. Akamtafutia ukoka, akauanika juani mpaka ukakauka, akamwekea. Akala! Akamletea na vijiti vya mpera, akavitafuna kama fundi seremala mwenye haraka.

Likabaki joto.

Mashavu aligundua jambo. Jua likipanda, masikio ya Chinichini yanakuwa mekundu, analala kifudifudi, kajitandaza kama chapati. Kukipoa, masikio yanarudi rangi yake, anaruka ukutani kama kapewa habari njema.

Basi akamhamishia chumba cha chini, ghala la zamani la karafuu, lisilo dirisha la jua. Akamtandikia bamba la marumaru lililovunjika kwenye meza ya marehemu baba mkwe. Halafu akaanza kumchukulia barafu kutoka kiwandani, anaizungushia gunia, anaiweka chini ya bamba.

Wanawake wa mtaa wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mume yuko baharini anaungua na moto wa mitambo, panya wake yuko Malindi analalia barafu!

"Chekeni," akasema Bi Mwanamwema. "Miye mwenyewe nshahamia humo humo."

Na kweli. Alichukua mkeka wake, mto wake na tasbihi yake, akahamia ghalani. Mwezi huo, mwanamke aliyekuwa akilalamikia magoti, kichwa, jasho na majirani, hakulalamika hata mara moja.

Ukimuuliza Bi Mashavu faida za kufuga chinchila, hapo ndipo anapoanzia. Anasema hana harufu. Hana kiroboto, maana kwa manyoya yale kiroboto akiingia hapati pumzi. Hapigi kelele za bure. Na nyumba yenye chinchila, mavyaa hagombi.

Sasa sikieni kizaazaa cha tayamamu.

Chinichini hakutaka maji mwilini. Tone likimgusa, anakutazama kama umemtukania wazee. Jioni moja Mashavu alikuwa akifagia, kakusanya vumbi laini kwenye kona. Chinichini akajitoma katikati. Akagaragara kulia, akagaragara kushoto, akakaa kitako, akajipangusa uso kwa mikono miwili. Taratibu. Kwa adabu.

Wakati ule ule, adhana ya magharibi ikatoka.

Na mlangoni kasimama nani? Bi Mwatum, kaja kuomba ndimu.

"Lahaula!" Ndimu hakuzikumbuka tena. "Mashavu! Anatayamamu!"

Kufika alfajiri mtaa mzima ulikuwa unajua. Malindi kuna mnyama anatia udhu wa vumbi. Watu wakaja. Wengine wakavua viatu mlangoni. Mzee mmoja akauliza kama mnyama anatoa dua kwa miadi au mtu anaingia tu.

Mashavu akaona mambo yanaharibika, akamwita Maalim Shamsi wa chuoni, mtu wa miwani mizito na maneno machache.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Chinichini akawekewa vumbi. Akafanya vile vile, mbele ya watu wote.

Maalim akainama, akatazama kwa makini. "Maji yapo humu?"

"Yapo, Maalim. Kwenye kibakuli."

"Basi hana udhuru."

Bi Mwatum akanong'ona, "Labda mgonjwa."

Maalim akavua miwani. "Mwatum, huyu anaoga. Kuku wako anaoga hivi hivi kila siku uwani kwako. Mbona yeye hujamfanya shehe?"

Watu wakacheka, wakatawanyika. Lakini waliokwishaingia mle ghalani walikuwa wameonja ile baridi, na hiyo haikuwatoka.

Kesho yake Bi Mwatum alirudi. Ati kaja kumjulia hali mnyama. Akakaa mpaka alasiri. Siku ya pili kaja na dadake, siku ya tatu na wifi zake.

Bi Mwanamwema akaona ghala linajaa. Akasimama mlangoni. "Anayetaka kukaa humu aje na barafu yake. Asiye na barafu akae barazani na Mungu wake."

Nyie! Wakaja na barafu! Kwenye sufuria, kwenye ndoo, kwenye makanga. Kaskazi imeshapamba moto, nje jua linapasua vichwa, mle ndani wanawake wa Malindi wamejifunika mablanketi. Bi Mwatum alivaa koti la mumewe. Wakawa wanasuka ukili na kunywa sharubati ya ukwaju ya baridi. Ndoa mbili zilipangwa mle, na ugomvi wa mirathi uliowashinda wanaume msikitini ulimalizwa mle, maana hakuna aliyetaka kutolewa nje kwa kupandisha sauti.

Katikati, juu ya marumaru, Chinichini kalala kama bwana arusi.

Kisha siku moja mashine ya barafu ikaharibika.

Kiwanda kimya. Barafu hakuna mji mzima. Na jua la siku ile, anasema Bi Mashavu, hata kunguru walitembea kwa miguu.

Kufika mchana, masikio ya Chinichini yalikuwa mekundu kama kashata ya rangi. Anahema. Kajitandaza. Mashavu akampepea, akatundika kanga mbichi mlangoni, haikusaidia. Macho ya mnyama yakaanza kufumba.

Mashavu akakaa chini. Akaanza kulia.

Hakuwa akimlilia panya, msikosee. Alikuwa anaona nyumba inamtoka, mavyaa anamtoka, jina lake linachafuka kwa ajili ya kiumbe asiyekula hata mchuzi.

Bi Mwanamwema akamtazama. "Akifa, utakwenda wapi?"

"Kwetu Fumba, mama."

"Fumba kuna nani atakayenipikia miye?"

"Mama, wewe unabaki hapa. Hapa kwako."

"Nani kakwambia nnabaki?" Akaanza kujifunga kibwebwe. "Ukenda Fumba na miye nnakwenda Fumba. Sasa acha kulia, lete pakacha na kamba. Tunamtia kisimani."

"Mama! Tumzamishe?"

"Juu ya maji, mtoto wee! Kule chini hakuna jua tangu walipokichimba."

Kisima kilikuwa uwani, na nusu ya mtaa wakiteka hapo. Wakamlaza Chinichini kwenye pakacha, wakamteremsha taratibu mpaka mkono mmoja juu ya maji. Bi Mwanamwema akashika kamba. Mashavu akalala kifudifudi ukingoni, anachungulia.

Watu wakaja na ndoo zao.

"Leo hamteki," akasema Bi Mwanamwema.

"Kwa nini, Bi Mwanamwema?"

"Kuna mgonjwa ndani."

Wangegombana, lakini wote walikuwa wanachama wa ghala. Wakatua ndoo. Mikono ya bibi ilipochoka, Bi Mwatum akapokea kamba. Akapokea wifi yake. Maalim Shamsi akapita, akauliza kulikoni, akaambiwa. Akatikisa kichwa, akakunja mikono ya kanzu, akapokea kamba.

Watu wazima, na akili zao, wamezunguka kisima wamemshikia kamba panya wa Ulaya ili ndoa ya mtu isivunjike.

Jua likateremka. Upepo ukageuka. Chini kisimani kikasikika kitu: krr, krr, krr.

Chinichini alikuwa anatafuna pakacha.

Mashavu akalia tena, safari hii akicheka humo humo. Wakamvuta upesi kabla hajalitoboa.

Mashine ikatengenezwa, maisha yakaendelea. Kaskazi ikaisha, masika yakaja na kupita.

Na alasiri moja Machano akarudi.

Sikilizeni alivyoingia. Hakupiga hodi kama mtu anayerudi kwake. Aliingia polepole, kofia mkononi, uso wa matanga. Mashavu alikuwa ukumbini na mavyaa wake, Bi Mwatum na Maalim Shamsi wamekuja kwa mambo yao.

Kabla hata ya salamu akasema, "Poleni. Nimekuja njia nzima nikijua. Amri ya Mungu haina makosa. Mashavu, sikutaka, lakini neno nshalitamka, na Bi Mwatum shahidi. Mama, usinilaumu. Amana niliiacha, imefia mikononi mwake."

Akajipangusa jicho. Kavu.

Bi Mwanamwema akageuza sikio lake zima. "Nani kafa?"

"Chinchila, mama."

"Nani kakwambia?"

Machano akawa anaikunjakunja kofia. Mara mlango wa ghala ukasukumwa kwa chini, na Chinichini akatoka. Kanenepa, kang'ara. Akavuka ukumbi kwa kurukaruka, akapanda mapajani kwa Bi Mwanamwema, akaanza kujikuna sikio.

Wallahi Machano alibadilika rangi.

"Huyu siye!" akapiga kelele. "Huyu komba! Mmemkamata shamba mkamleta hapa! Yule hawezi kuwa hai!"

"Hawezi kwa nini?" akauliza Mashavu.

Akamrukia mnyama, akamkamata mgongoni. Chinichini akajipindua mara moja, akachomoka. Machano akabaki kasimama katikati ya ukumbi, ngumi imejaa manyoya, na mnyama keshafika mlangoni ana kiraka cha upara mgongoni.

Huko mlangoni alikuwapo mtu. Mwanamke kijana, buibui jipya, kakaa juu ya sanduku lake. Hakuna aliyemwona alipofika. Chinichini akapanda sandukuni kwake, akajificha nyuma ya kiwiko chake.

"Ndiye," akasema yule mwanamke kwa sauti ndogo. "Machano, ndiye mwenyewe. Si ulinambia? Ukimkamata vibaya anakuachia manyoya mkononi, anakimbia. Mzungu alikwambia."

"Sichana, nyamaza!"

"We binti, nani?" akauliza Bi Mwanamwema.

"Mkewe, mama. Kanioa Mombasa."

Ukumbi ukawa baridi kuliko ghala.

Sichana akawatazama wote, akaona anakosa kitu. "Kwani... Nilimwambia sitaki ukewenza, kanambia mke wa mwanzo kaachika. Kanambia Mzungu alisema mnyama huyu hamalizi mwezi kwa joto la Unguja, basi akifa na ndoa imekufa, na mama hatakuwa na la kusema."

Hapo ndipo Mashavu alipofahamu. Miezi yote ile alikuwa akidhani mumewe anaomba mnyama apone.

Anasema hakuona hasira. Aliona uchovu tu, kama aliyebeba mzigo mpaka mwisho wa safari, kuufungua kakuta mawe.

Bi Mwanamwema akaweka tasbihi chini. "Mwanangu," akasema, "unataka nini?"

"Naam, mama," akaitika Machano haraka, "mimi nataka..."

"Sikukuita wewe."

Alikuwa anamtazama Mashavu.

Mashavu akasimama. "Nataka talaka yangu, mama. Ya maneno, mbele ya Maalim, isiyoning'inizwa kwenye roho ya kiumbe."

"Lakini radhi ya mama..." akasema Machano. Sasa ndiyo anaikumbuka.

"Nilisema usimwache bila ya kosa lake," akasema Bi Mwanamwema. "Kosa limepatikana. La kwako. Mpe talaka yake, halafu utoke nyumbani kwangu. Mashavu haendi popote."

Machano akaitamka talaka mbele ya Maalim Shamsi, manyoya bado yako mkononi. Kisha akageuka mlangoni, akamwambia Sichana ainuke waende.

Sichana hakuinuka. Alikuwa anampapasa Chinichini kwenye ule upara.

"Na mimi," akamwuliza mumewe, "utaniletea mnyama gani?"

Machano akatoka peke yake. Sichana alilala kwa Bi Mwanamwema mpaka ilipopatikana meli ya Mombasa, akarudi kwao na shauri lake akalimalizia huko.

Chinichini aliishi miaka mingi, mpaka akazeeka na kuwa na kisirani kama mzee wa kijiwe. Alikufa usingizini, juu ya marumaru yake, na siku hiyo hakuna aliyeachika.

Machano naye alisamehewa baadaye, maana mwana ni mwana. Kila Idi alikuja kumpa mama yake mkono, akanywa kahawa barazani.

Bi Mashavu hakuhama ile nyumba. Alimuuguza Bi Mwanamwema mpaka siku ya mwisho, akamtia maji mdomoni kwa kijiko, na radhi aliipokea yeye.

Kwangu somo ni hili. Mtu akikupa sharti gumu, usikimbilie kuhangaika kulitimiza. Mkalishe chini kwanza, mtazame machoni, umuulize: unaomba niweze, au unaomba nishindwe?